Jirani Tusiyemjua Jina



Katika toleo hili tunawaletea swali lililotusumbua mwaka jana katika kikao cha wazee wa kanisa. Wengi wenu mlilisikia nusu nusu kwenye bomba la maji na sokoni, na wengine mlikasirika. Ni vema lisemwe lote, tena wazi, kwa kuwa linahusu fedha yenu na wagonjwa wenu.

Binti mmoja wa kanisa letu alipata nafasi katika chuo kikuu kimoja cha Kikristo cha nchi hii ya Uganda, ili asomee afya ya jamii. Mjomba wake aliahidi sehemu kubwa ya karo. Zilibaki shilingi 900,000 za muhula wa kwanza, na baba yake akaja kuziomba kwa kanisa. Sisi hatuna fungu la masomo. Tunalo fungu moja tu, la wagonjwa na wafiwa, ambalo wamama hulijaza Jumapili kwa Jumapili kwa sarafu na kwa mahindi yanayouzwa. Siku ile lilikuwa na shilingi 1,460,000.

Mzee mmoja, aliye mkubwa wetu kwa umri, alisimama akasema: "Mchungaji, fedha hii ina wenyewe. Mgonjwa amelala pale, ninamjua jina, ninamjua na mama yake. Huyu binti anataka kwenda kuwasaidia watu ambao hata hawajaugua. Ni akina nani hao? Wana majina gani? Na akija mwenye msiba asiye na jeneza, tutamwambia nini?" Akaketi, na kikao kikanyamaza.

Hatukuwa na jibu. Tena tuseme kweli: moyoni tulikuwa upande wake. Kama binti angeomba kusomea uuguzi tungeelewa, maana muuguzi anashika sindano na watu wanamwona. Kama angeomba kusoma theolojia tungefurahi. Lakini afya ya jamii? Tuliahirisha kikao kwa wiki mbili ili tuombe na kutafakari. Haya ndiyo tuliyoyatafakari.

KAZI ISIYO NA USHUHUDA

Daktari hukaa ndani ya kituo cha afya na kumpokea anayekuja. Anamwuliza, unaumwa wapi? Mtu wa afya ya jamii hutoka nje na kuuliza maswali mengine. Kwa nini wiki hii wamekuja kumi kutoka kijiji kimoja, na kutoka kijiji cha jirani hakuja hata mmoja? Wanachota maji wapi? Choo kiko upande wa juu wa kisima au upande wa chini? Watoto wamepata chanjo? Wanalala ndani ya chandarua, au chandarua kimekwenda kuzungushia bustani? Wanawake wanajifungulia wapi, na usiku wa mvua ni nani anayewabeba? Anahesabu waliozaliwa na waliokufa, analinganisha mwezi huu na mwezi uliopita, kisha anawaendea viongozi na kusema: hapa pana shida, parekebishwe.

Kazi hii ikifanikiwa, hakuna kinachotokea. Hatujapata kumwona mtu anasimama kanisani kutoa ushuhuda kwamba Jumanne iliyopita hakuharisha. Tumezoea kumshukuru Mungu kwa ajili ya aliyeinuka kitandani. Kwa ajili ya yule ambaye hakulala kitandani kabisa hatuna wimbo, kwa sababu hatumjui, wala yeye mwenyewe hajijui.

Kwa hiyo mzee wetu aliuliza swali la haki. Je, tunawiwa kitu na mtu tusiyemjua jina? Na kama tunawiwa, deni hilo laweza kusimama pamoja na deni la mgonjwa tunayemjua?

TULIYOYAONA

Mwezi wa Julai 1994 sisi tunaoandika tulikuwa na miaka 14, tukiishi karibu na Goma. Katika siku chache watu kati ya 500,000 na 800,000 walivuka kutoka Rwanda. Wengine wenu mlikuwepo. Ardhi ya kule ni mawe ya volkano. Jembe halikuingia kuchimba choo, wala kuchimba kaburi. Watu wengi mno walichota maji ya Ziwa Kivu wakayanywa hivyo hivyo. Katika mwezi wa kwanza walikufa watu karibu 50,000, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu. Tuliona maiti zimefungwa katika mikeka, zimepangwa kando ya barabara zikingoja gari.

Tunakumbuka neno lililosemwa wakati ule, hata na watu wa makanisa: ni hukumu ya Mungu. Ni kweli kwamba katika umati ule walikuwemo waliotoka kuua Watutsi katika mauaji ya kimbari. Lakini walikuwemo pia watoto wa mgongoni, ambao hawakuwa wamemwua mtu, nao walikufa upesi zaidi. Ugonjwa haukuwatenganisha. Leo tukikumbuka, tunaona kwamba neno lile lilitufaa sisi tuliokuwa tukitazama. Tukisha kusema ni hukumu, hatukuwa tena na kazi ya kuuliza habari za maji.

Miaka 24 ikapita. Mwanzoni mwa 2018 ndugu zetu wa Ituri walikimbia vita, wakavuka Ziwa Albert kwa mashua hadi Sebagoro, wakaletwa hapa Kyangwali. Mwezi wa Februari kipindupindu kikalipuka. Katika miezi iliyofuata waliugua watu zaidi ya 2,000 na kufa zaidi ya 40, wakimbizi na wenyeji. Sasa sisi tulikuwa wachungaji, tena wenye cheti. Tulifanya nini? Tuliomba. Tulizika. Tulihubiri habari za Ayubu. Tuliwapa mkono wafiwa wote na kula nao, na pale msibani hapakuwa na kipande cha sabuni. Kijana mmoja wa timu ya afya ya kijiji alikuja kutuomba awaambie watu wachemshe maji au watie klorini, wanawe mikono, na wamkimbize mgonjwa mapema. Tulimpa dakika mbili, baada ya matangazo ya ndoa.

Wapendwa, kipindupindu huua kwa kumkausha mtu maji na chumvi. Mgonjwa akirudishiwa maji hayo mapema, hata chini ya mmoja kati ya mia ndiye anayekufa. Kama pakiti za dawa ya kuhara hazipo, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi humsaidia mgonjwa akiwa njiani kwenda kituoni. Maneno haya yanasomwa kwa muda mfupi kuliko tangazo la ndoa. Waumini wengine hawakuyasikia kwa sababu sisi tulikuwa na haraka.

UKINGO WA DARI

Tulikaa chuo cha Biblia miaka mitatu. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati tulifundishwa chote, lakini iko mistari tuliyoipita mbio. Katika sura ya 23, mstari wa 12 na wa 13, watu wa Mungu walikuwa kambini, kama sisi. Waliagizwa wawe na mahali nje ya kambi pa kwendea haja, na kila mtu awe na kifaa cha kuchimbia na kufukia. Darasani tulicheka. Hapa kambini hatuchekii tena.

Na katika sura ya 22, mstari wa 8, mtu anayejenga nyumba mpya anaagizwa aweke ukingo kuzunguka dari yake, ili damu isiwe juu ya nyumba yake mtu akianguka. Nyumba zao zilikuwa na dari za juu zilizo tambarare, watu wakipanda na kukaa huko. Angalieni jambo hili. Sheria haisemi ni nani atakayeanguka. Mwenye nyumba hamjui. Huenda ni mgeni wa mwaka ujao, huenda ni mtoto ambaye hajazaliwa. Wala mwenye nyumba hakumsukuma mtu. Hata hivyo damu inahesabiwa kwake, kwa sababu angeweza kujenga ukingo naye hakujenga.

Hapo tulianza kuona jibu la mzee wetu. Yule asiye na jina tayari ni jirani yetu kabla hajaanguka. Tunawiwa naye. Tukisema hatumjui, kutojua huko hakutatutetea, maana ukingo hujengwa kwa ajili ya watu ambao mjengaji hawajui.

Lakini tusiende mbio. Upo na mfano wa Msamaria mwema, nao uko upande wa mzee. Msamaria alisimama kwa mtu mmoja mwenye majeraha. Hakumruka aliyelala njiani akisema, ninakwenda kujifunza kwa nini barabara hii ina wanyang'anyi. Anayemwacha mgonjwa wa leo kwa ajili ya mgonjwa wa kesho hajampenda hata mmoja. Kwa hiyo madeni ni mawili, na fungu ni moja. Hatukupata mstari wa kutuambia tuligawe namna gani.

MCHUNGAJI ALIYEHESABU

Katika wiki zile mbili binti mwenyewe alituletea habari aliyoisoma, nasi tunawapa kwa ufupi. Mwishoni mwa Agosti 1854 kipindupindu kililipuka London, Uingereza, katika mtaa wa Soho, kandokando ya barabara iliyoitwa Broad Street. Walikufa zaidi ya watu 600. Wakati ule wengi, hata wasomi, waliamini ugonjwa huo huletwa na hewa yenye harufu mbaya. Daktari mmoja, John Snow, alisema ni maji, akaonyesha pampu moja ya barabara ile. Tarehe 8 Septemba mpini wa pampu ukaondolewa.

Palikuwa na kasisi kijana, Henry Whitehead, msaidizi katika kanisa la Mtakatifu Luka la mtaa huo. Yeye hakukubaliana na daktari. Aliona watu wamekunywa maji yale na hawakufa. Akaazimia kumpinga, naye alikuwa na kitu ambacho daktari hakuwa nacho: aliwajua watu nyumba kwa nyumba, maana aliwatembelea wagonjwa na kuwazika wafu. Akaenda tena na tena, akiuliza nani alikunywa, nani hakunywa, siku gani. Jinsi alivyouliza ndivyo alivyosadiki kwamba daktari alisema kweli. Yeye ndiye aliyegundua kwamba katika nyumba namba 40, jirani kabisa na pampu, mtoto mchanga aliugua kabla ya wengine, na mama yake alimwaga maji ya kufulia nepi katika shimo la uchafu lililokuwa karibu mita moja tu na kisima. Shimo lile lilikuwa bovu, likivujia kisimani. Hayo yalijulikana miaka 30 hivi kabla Robert Koch hajamtambulisha ulimwenguni mdudu wa ugonjwa huo.

Habari hii ilituchoma. Whitehead hakuacha uchungaji ili awe mtu wa afya. Kwa kuwa alikuwa mchungaji aliyewajua watu wake, aliweza kuuliza. Wala hakuona haya kusema, nilikosea.

KWA NINI CHUO CHA KIKRISTO?

Wako waliouliza: kama ni habari za maji na vyoo, chuo cha serikali hakitoshi? Tunajibu kwamba kinatosha kwa elimu yenyewe. Mdudu wa kipindupindu haulizi dini ya mtu, na klorini ni ile ile. Chuo cha Kikristo kinachodhani kina sayansi yake pembeni kinawapoteza vijana wetu.

Tofauti, kama ipo, iko katika maswali. Tuchukue mfano wa Chuo Kikuu cha Kikristo cha Uganda kilichoko Mukono. Kilianzishwa mwaka 1997 kutokana na Chuo cha Theolojia cha Bishop Tucker, kilichokuwa kikiandaa watumishi wa kanisa tangu 1913. Mwaka 2005, pamoja na shirika la Save the Mothers, kilianza shahada ya pili ya uongozi wa afya ya jamii, kwa sababu ya wanawake wanaokufa katika uzazi. Darasani hawakuingizwa waganga tu. Waliingia na waandishi wa habari, wanasiasa, walimu na watumishi wa dini. Sababu yake twaijua sisi wenyewe. Mama hafi kwa kukosa daktari peke yake. Anakufa kwa sababu nyumbani walichelewa kukubali aende, njia ni mbaya, nauli ya pikipiki haikupatikana, na alipofika hakupokelewa upesi. Mambo hayo yana wakubwa wengi, na mchungaji ni mmojawapo, maana huyo mume aliyechelewa kukubali huketi kanisani kwetu.

Tunatazamia chuo kama hicho kimfundishe kijana mambo matatu. Kwanza, nyuma ya kila hesabu pana mtu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu, hata kama jina lake halikuandikwa. Pili, asiwaite maskini wachafu kabla hajauliza wana bidoni ngapi za maji kwa siku. Tatu, aseme hesabu ya kweli, hata ikiwaaibisha wakubwa wa kambi au wachungaji. Na liko jambo moja tunalikataa kabisa: kugawa sabuni au chandarua kwa sharti la mtu kuhamia kanisa letu. Huko ni kufanya biashara na shida ya mtu.

TULILOAMUA

Kikao cha pili kilikuwa kirefu. Mmoja aliuliza, je, binti akipata safari ya Marekani, fedha yetu haitapotea? Akashauri atie sahihi karatasi kwamba atarudi kutumika hapa. Tulikataa. Sisi wenyewe tulifundishwa na watu ambao hawakutufunga. Hata akitumika mahali pengine, huko nako wako majirani. Tulimwomba jambo moja tu: kila likizo atembee vijijini pamoja nasi.

Tulitoa shilingi 600,000 badala ya 900,000. Zilizobaki vijana walizipata kwa kufyatua matofali. Mzee wetu hakupinga, lakini alisema aandikwe katika kumbukumbu kwamba aliogopa. Aliandikwa.

Nalo aliloliogopa lilikuja. Baada ya miezi miwili tulipata misiba mitatu katika wiki nne. Tangu misaada ilipopunguzwa mwaka 2025 watu wengi hawana cha kuchanga, na fungu likaisha. Mjane mmoja alimzika mumewe katika mkeka na blanketi, kwa kuwa hatukuwa na fedha ya mbao. Tulikwenda nyumbani kwake tukamweleza fedha ilikokwenda. Alisikiliza mpaka mwisho, hakusema neno. Angali anakuja kanisani, anaketi nyuma. Hatuwezi kuwaambia kwamba hakuna aliyelipa gharama ya uamuzi wetu. Yeye alilipa, wala hakuulizwa. Bado tunaamini uamuzi ule ulikuwa wa haki, lakini hatuutaji mbele zake kwa majivuno.

Likizo ya kwanza binti alirudi. Alikuja nyumbani akasema, "Baba Mchungaji, naomba kuona daftari la mazishi." Tulimpa kwa furaha, maana tunalitunza vizuri tangu tulipofika hapa 2008. Alikaa nalo mchana mzima. Jioni akauliza kwa heshima: hawa watoto wa chini ya miaka mitano walikufa kwa ugonjwa gani? Nyumbani kwao walichota maji wapi? Je, walikuwa wamechanjwa?

Tulitazama wenyewe. Tulikuwa tumeandika tarehe, jina la marehemu, jina la baba yake, jina la mhubiri, na fungu la Maandiko lililosomwa. Yale aliyoyauliza hatukuyaandika hata mara moja. Tulikuwa tumesimama kwenye kila kaburi lile, tukiwa na nafasi ya kuuliza kuliko mtu yeyote, na hatukuuliza.

Kwa hiyo tunawaomba mambo mawili. Kuanzia mwezi huu daftari la mazishi lina mistari mitatu mipya: umri, ugonjwa, na mahali familia inapochota maji. Viongozi wa vijiji, tafadhali tuulizeni hayo kwa upole, si siku ya msiba yenyewe bali tukienda kuwafariji baada ya wiki. Na kwenye kila msiba wamama wataweka bidoni yenye bomba na sabuni karibu na mahali pa chakula. Tunawe sote, tukianza na mchungaji.

Pia tumetenga kisanduku cha pili cha sadaka kwa ajili ya masomo, ili fungu la wagonjwa na wafiwa lisiguswe tena. Ndicho kile kipya kilicho karibu na mlango. Lakini mkiwa na shilingi mia moja tu, itieni katika kile cha zamani kwanza. Mzee wetu ndiye aliyeomba tuandike hivyo, nasi tumekubali.

Mungu awalinde ninyi na watoto wenu.

Ni sisi, mchungaji wenu katika Kristo.